Dawa Baada ya Kisu

Mtoto wa Katandala, mjini Sumbawanga, akishindwa kupona maradhi ya kucheua kwa dawa, hupelekwa Mbeya au Dar es Salaam. Mwenzake wa Micheweni huvuka bahari. Wazazi wa pande zote mbili huondoka nyumbani wakiamini kwamba kisu kikishapita, dawa basi.

Imani hiyo haina msingi. Upasuaji wenyewe, ambao Daktari Rudolf Nissen aliueleza mwaka 1956, ni kuizungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio, ili chakula na asidi visipande juu. Wengi wanaouhitaji ni watoto wenye mtindio wa ubongo. Lakini uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopasuliwa walirudi kwenye dawa za kupunguza asidi kabla ya mwaka kwisha. Mara nyingine mzunguko ule hulegea. Mara nyingine mtoto hukohoa au kutapika kwa sababu nyingine kabisa, na dawa hutolewa kwa mazoea, bila kipimo.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Asidi ya tumbo ni ngao. Huua vijidudu vinavyoingia pamoja na maji na chakula. Mtoto anayemeza omeprazole miezi nenda miezi rudi pasipo haja amevuliwa ngao hiyo, nasi kipindupindu tunakijua: kiliwapata ndugu zetu wa Zanzibar mwaka 2015 na 2016, kikavifikia vijiji vya Sumbawanga mwaka 2018. Wala mzazi asiikatishe dawa kwa uamuzi wake, kwani ikiachwa ghafla baada ya muda mrefu, asidi huweza kuzidi. (Na wanaoisaga ili mtoto aimeze kwa wepesi waache, chembe zake zikisagwa, asidi huiharibu kabla haijafanya kazi.)

Kwa hiyo tunawataka watendaji wa wizara za afya, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba mtoto aliyepasuliwa harejeshwi kwao na jina la dawa tu. Barua yake itaje sababu ya dawa, tarehe ya kupimwa tena na daktari atakayeamua kuisimamisha, na nakala ifike hospitali ya mkoa. Mama wa Katandala hawezi kupanda basi zaidi ya kilomita 300 hadi Mbeya kwenda kuuliza swali hilo moja.