Mababu wa Kilombero wasikwame Berlin

Agosti 30, 1905, Wambunga na Wapogoro walivamia boma la Wajerumani la Mahenge, wakafyekwa kwa bombomu. Leo mjukuu wao aliye Ifakara anaweza kufungua kwenye simu, bure, majalada ya enzi hizo ya Ofisi ya Makoloni ya Kijerumani, fungu R 1001, yaliyowekwa mtandaoni na hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani huko Berlin.

Kuyafungua ni rahisi; kuyasoma ndiyo kazi. Mengi ni ya mwandiko wa kale unaowashinda hata Wajerumani wa leo. Atafute “Ulanga” pia, maana ndivyo Wajerumani walivyouita mto Kilombero. Majina ya watu yameandikwa jinsi sikio la afisa lilivyoyadaka, na wanaotajwa zaidi ni maakida, majumbe na “waasi.” Mkulima na mkewe watafutwe kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni, na kwa wazee walio hai bado.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye majalada ya Kijerumani Dar es Salaam, iharakishe kuyaweka mtandaoni na iajiri wafasiri. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo itenge kompyuta ya umma, na vijana wa kurekodi wazee. Fedha za kazi hizo si nyingi.