Cha Asili Nacho ni Dawa

Iko dhana iliyoenea miongoni mwa watu kwamba kitu kitokacho katika mmea hakiwezi kudhuru. Dhana hiyo ni ya hatari, hasa kwa mgonjwa wa sonona anayemeza dawa alizopewa na daktari, kisha kwa siri akaongeza vidonge vya mitishamba au virutubisho alivyojinunulia dukani.

Mfano ulio dhahiri ni mmea wa Hypericum perforatum, ambao Waingereza huuita kwa jina la Mtakatifu Yohana. Umetumika Ulaya kwa karne nyingi, na majaribio kadhaa yameonyesha kwamba huweza kupunguza sonona isiyo kali. Watetezi wake huitoa hoja hiyo kwa fahari. Kumbe hoja hiyo hiyo ndiyo inayowapinga. Kitibucho kina nguvu ya dawa, na chenye nguvu ya dawa hakichanganywi ovyo.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Katika ubongo, chembe za neva hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa ni serotonini. Dawa kama fluoksetini huzuia serotonini isirudi upesi ndani ya chembe iliyoitoa. Mmea uliotajwa nao hufanya vivyo hivyo. Triptofani, iuzwayo kama kirutubisho, ni malighafi ya serotonini yenyewe. Vitu hivi vikutanapo, serotonini huweza kuzidi kiasi: mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, joto la mwili hupanda, akili huvurugika, na pengine hufa. Wala kuacha dawa leo na kuanza mitishamba kesho si salama, kwani masalia ya fluoksetini hukaa mwilini kwa majuma kadhaa.

Sheria peke yake haitoshi kuwa ngao. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1994, virutubisho huuzwa bila kwanza kuidhinishwa na serikali kama dawa zinavyoidhinishwa.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kusema. Mgonjwa hana budi kumtajia daktari kila anachomeza, wala asikatishe dawa ghafla kwa hofu. Daktari naye yampasa aulize bila kukaripia, maana akaripiwaye huficha. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha vidonge naye yumo katika hatari iyo hiyo. Shuleni nako, mwanafunzi wa kemia afundishwe mapema kwamba mwili hausomi maandishi ya kwenye chupa.