Ugomvi wa kazini usiachwe ukawa maradhi

WAHENGA walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Watu wanaofanya kazi katika chumba kimoja, wakitumia simu moja, mashine moja na hata kijiko kimoja cha sukari, si ajabu wakikosana. La ajabu ni jinsi sisi wakazi wa mijini tunavyoyachukulia makosano hayo kana kwamba ni msongamano wa magari wa asubuhi, jambo ambalo mtu hulalamikia tu kisha akalivumilia.

Hebu piga hesabu, msomaji. Mfanyakazi wa Nairobi anayeingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni hukaa na wenzake kwa saa 9. Akishuka kwenye matatu Kayole au Githurai usiku umekwisha kuingia, na hubakiwa na saa 2 au 3 za kukaa na jamaa zake kabla ya kulala. Kwa hivyo, yule usiyesemezana naye kazini ni mtu unayeishi naye kuliko unavyoishi na mkeo au mumeo. Mtu hawezi kuishi hivyo mwaka mzima na mwili wake usijue.

Mimi mwenyewe yalinipata. Mnamo 1996 nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja iliyokuwa Eneo la Viwanda. Nafasi ya msaidizi wa mhasibu mkuu ilipotokea, niliamini kwamba ni yangu. Akapewa mwenzangu ambaye meza zetu zilitazamana. Siku chache baadaye nikapashwa habari kwamba mwenzangu huyo ndiye aliyemwambia mkubwa wetu kuwa mimi ni mchelewaji. Sikumwuliza. Nilinuna.

Kwa miezi minane hatukusalimiana. Nilipotaka faili, nilimtuma tarishi akaichukue kwenye meza iliyokuwa hatua mbili kutoka kwangu. Naye akawa ananiandikia vijikaratasi. Wenzetu waligawanyika, hawa wangu, hawa wake, na hesabu za mwisho wa mwezi zikaanza kuchelewa. Nyumbani nikawa mkali kwa watoto ambao hawakujua kosa lao. Usiku wa manane nilikuwa nikiamka na kutunga maneno makali ya kumwambia, lakini asubuhi sikuyasema. Ikawa kila Jumapili jioni kichwa kinaniuma.

Nilipokwenda zahanati kwa sababu ya kichwa hicho, muuguzi alinipima shinikizo la damu akapata 160 kwa 100. Daktari aliniita mara mbili zaidi ili ahakikishe, kisha akaniuliza juu ya chumvi, sigara, uzani wangu na kama wazazi wangu waliwahi kuugua ugonjwa huo. Mwishowe akauliza, "Na kazini mnaendeleaje?" Nilicheka tu. Sikuwa na jibu.

Aliyetupatanisha ni mama aliyekuwa akitupikia chai. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe na mwenzako mmenichosha. Kila mmoja anangoja mwenziwe atoke jikoni ndipo aingie, na chai yangu inapoa. Umewahi kumwuliza alisema nini?" Nikamjibu, "La, Mama, sijamwuliza." Akasema, "Basi unamchukia kwa ya kusikia."

Kesho yake jioni nilimngoja mwenzangu langoni nikamwuliza. Alishangaa. Hakuwa amesema neno. Kilichonisema ni kitabu cha bawabu, ambamo kila asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika, kwa mkono wangu, saa niliyofika.

Sitadai kwamba mapatano hayo yaliniponya. Vidonge vya shinikizo la damu ninavimeza hadi leo, na sikupata kile cheo. Lakini usingizi ulirudi, na tulifanya kazi pamoja kwa amani miaka minne zaidi.

Hasira mwilini

Mtu akikasirika au akiogopa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hukaza na sukari huongezeka katika damu, yote hayo ili mtu awe tayari kupigana au kukimbia. Simba akishapita, mwili hutulia. Lakini mwenzako wa kazini hapiti. Kesho saa 2 utamkuta palepale, na mwili utajiandaa tena kwa vita ambavyo havipiganwi.

Mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal, Kanada, aliandika juu ya jambo hili mnamo 1936. Aliona kwamba panya waliotaabishwa kwa muda mrefu, hata kama taabu zenyewe zilikuwa tofauti, waliharibika mwili kwa namna moja. Katika mambo aliyoyakuta ni vidonda tumboni.

Hapa yafaa tusahihishe kosa moja linalosikika sana maofisini. Mtu husema, "Mkubwa wangu amenitia vidonda vya tumbo." Tangu madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipoanza uchunguzi wao katika miaka ya 1980, imejulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini zikitumiwa ovyo. Uvumbuzi wao uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Dhiki ya kazini yaweza kuzidisha maumivu, lakini anayemlaumu mkubwa wake na asiende kupimwa atabaki na bakteria wake. Vivyo hivyo, anayemeza aspirini kila siku kwa sababu ya kichwa kilicholetwa na ugomvi anajitafutia ugonjwa wa pili.

Walio na shaka kwamba ofisi yaweza kuumiza akili, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalikadiria mwaka wa 2022 kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya wasiwasi na huzuni iliyozidi kiasi. Hayo si mambo ya watu wavivu wala ya matajiri peke yao.

Mambo ya kufanya

Ukikosana na mwenzako, neno la kwanza ni kumwendea yeye mwenyewe. Usianze kwa karani mwingine, wala kwa mkubwa, wala kwa jamaa wa mezani wakati wa chakula cha mchana. Habari ikipita midomo mitatu huwa si ile tena.

Pili, chagua mahali na saa. Mtu aliyesemwa mbele za watu hujitetea mbele za watu, na hapo hakuna anayeweza kurudi nyuma bila kuaibika. Siku hizi jambo hili limezidi ubaya kwa sababu ya makundi ya WhatsApp ya ofisini, ambamo neno la hasira lililoandikwa saa 4 usiku husomwa na watu 40 kabla ya kucha. Usilijibu usiku huo. Kama ni lazima uandike, andika kwenye karatasi, uisome asubuhi, kisha uichane.

Tatu, taja tendo, usitaje tabia. Ukimwambia mtu, "Jana ulipeleka ripoti bila jina langu na iliniumiza," ana la kukujibu. Ukimwambia, "Wewe ni mwizi wa kazi za watu," au, vibaya zaidi, "Nyinyi watu wa kabila fulani ndivyo mlivyo," umefunga mlango. Ofisi zetu zimeumia vya kutosha kwa neno hilo la pili.

Nne, kubali sehemu yako. Mimi nilikuwa mchelewaji kweli. Ningekubali hilo mwezi wa kwanza, ningejiokoa na miezi saba.

Ikiwa mazungumzo ya wawili yameshindikana, mtafuteni wa tatu ambaye nyote mnamheshimu: mfanyakazi mzee, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au afisa wa wafanyakazi kama anajua kufunga mdomo.

Ugomvi si uonevu

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuna jambo linaloitwa ugomvi na kuna jambo linaloitwa uonevu, na dawa zake si moja. Wagomvi huwa na nguvu zinazokaribiana. Bali mkubwa anayemtukana karani kila siku, au anayemwambia msichana kwamba mkataba wake utategemea kukubali mwaliko wa jioni, hana ugomvi na mtu. Anaonea. Ni makosa makubwa kumwambia anayeonewa awe mvumilivu, aombe au "azungumze naye kirafiki".

Huyo anapaswa kuandika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, na karatasi hizo azihifadhi nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 6 kinakataza unyanyasaji wa kimapenzi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima awe na taratibu zilizoandikwa za kuushughulikia. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya mtu kufutwa kwa madai ya utovu wa nidhamu, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikizwe, na awe na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Nacho kifungu cha 46 kinasema kwamba malalamiko ya haki dhidi ya mwajiri si sababu ya kumfuta mtu kazi.

Waajiri nao wasidhani kwamba haya ni hisani kwa wafanyakazi. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanyiwa watumishi wa serikali jijini London, ambao ulianza mwaka wa 1985, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa 2005 kwamba wanaume waliosema wanatendewa haki kazini walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko waliosema hawatendewi. Mkubwa anayetawala kwa kusikiliza fitina za huyu dhidi ya yule anaharibu mioyo ya watu, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Serikali na makampuni hutumia fedha nyingi kuwatibu wafanyakazi shinikizo la damu. Ni vyema nasi tuanze kuuliza lile swali ambalo daktari aliniuliza mwisho, na ambalo yafaa liulizwe mwanzo: kazini mnaendeleaje?

Na wewe msomaji, ikiwa kuna mtu ambaye kesho asubuhi utapita meza yake ukitazama dirishani, jiulize kama kosa lake umelisikia kwake au umelisikia kwa watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa afya yako.