Rafu iadhibiwe hata kama hakuna aliyevunjika

Mashabiki wetu wana kauli moja inayoniudhi kila niendapo uwanjani: "Lakini aliupata mpira!" Mchezaji ameruka kwa miguu yote miwili, njumu zikitangulia, mwenzake anagaagaa chini akishikilia mguu, na nusu ya uwanja inapiga kelele kwamba refa ni kipofu. Sheria ya 12 ya kandanda haitoi kinga hiyo. Anayemkabili mwenzake kwa nguvu za kupita kiasi, au kwa namna ya kuhatarisha usalama wake, anastahili kadi nyekundu.

Ugoko hauna nyama upande wa mbele. Ni ngozi tu juu ya mfupa. Ukivunjika kwa kishindo, ncha ya mfupa hutoboa ngozi kwa urahisi na uchafu wa uwanja huingia. Viwanja vyetu vingi vya mitaani ni changarawe na vumbi, na mvua ikinyesha huwa matope. Viini vikishaingia mfupani, kuvitoa ni kazi ya miezi, pengine miaka, kwa oparesheni moja baada ya nyingine. David Busst wa Coventry City alivunjika hivyo uwanjani Old Trafford mwezi Aprili 1996. Aligongana tu na wapinzani, haikuwa rafu, lakini hakucheza soka ya kulipwa tena. Na huyo alitibiwa katika hospitali za Uingereza.

Hata ngozi isipotoboka, damu na uvimbe ndani ya mguu vinaweza kuibana misuli hadi ikakosa damu. Dalili zake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na vidole kufa ganzi. Hapo zimebaki saa chache tu za kuuokoa mguu kwa kupasuliwa. Wengine huletwa kwangu Jumatatu baada ya kukandwa kwa mafuta usiku kucha.

Sasa tutazame adhabu. Februari 23, 2008, Martin Taylor wa Birmingham City alimvunja mguu Eduardo wa Arsenal mechi ikiwa changa kabisa. Taylor alionyeshwa kadi nyekundu na kukosa mechi 3. Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima.

Wapo wanaodai kwamba mvunjaji akae nje mpaka aliyevunjika apone. Hasira yao naielewa, lakini siwaungi mkono. Rafu ile ile ikimpata kijana ambaye mguu wake uko hewani, huenda akaondoka na mchubuko. Ikimpata ambaye mguu wake umekita ardhini, unavunjika. Tofauti ni bahati tu. Adhabu inayongoja picha ya eksirei humwachilia yule ambaye mwenzake alibahatika leo, naye Jumapili ijayo atarudia. Mimi ningepima kitendo chenyewe: kasi, miguu miwili, njumu iliyoinuliwa juu ya kifundo. Kwa hayo ningetoa mechi 8, hata kama aliyechezewa ameinuka akakimbia. (Rafiki yangu mmoja huniambia kwamba nikitaka mchezo usio na maumivu nitazame drafti.)

Katika mashindano ya mitaani hali ni mbaya zaidi, kwani aliyefukuzwa wiki hii huweza kuvaa jezi ya timu nyingine wiki ijayo, na bili ya hospitali huachiwa mama wa aliyeumia. Waandalizi wanaopata fedha za kununua kombe na jezi wanaweza pia kupashana majina ya waliofungiwa, na kutenga sehemu ya ada ya timu kwa matibabu. Asiye na vilinda ugoko asiingie uwanjani.

Na mtu akivunjika, asikandwe wala asivutwe mguu. Ufungwe kwa vibao pande mbili kama ulivyo, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali mara moja. Njiani asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa.