Mtoto Unayemtuma Ana Akili



Bulletini zinapotoka, kuna neno linalosikika sana katika kartie yetu: "Huyu hana kichwa." Mara nyingi linafuatwa na lingine: "Basi abaki nyumbani, asaidie kazi." Na anayebaki, mara nyingi ni msichana. Kabla hatujalisema neno hilo tena, napenda niwaeleze habari za profesa mmoja aliyetumia maisha yake yote ya kazi akitafuta jibu la swali hili: mtoto mwenye akili ni yupi?

Jina lake ni Robert Serpell. Alizaliwa Uingereza, lakini mwaka 1965 alifika Zambia, jirani zetu wa kusini, nchi ikiwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla. Kazi yake ilikuwa saikolojia, yaani elimu ya namna watu wanavyofikiri na kujifunza. Alifundisha na kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka. Baadaye alifundisha Marekani kwa miaka zaidi ya kumi, kisha akarudi, na tangu 2003 hadi 2006 aliongoza chuo kile kile, kama vile sisi tungesema rekta.

Wakati anaanza, akili ya watoto wa Afrika ilipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa Ulaya: karatasi, kalamu, picha. Watoto wetu walipata alama za chini, na watu waliona kwamba kasoro iko kichwani mwao. Serpell akashuku kipimo chenyewe.

Akafanya jaribio, ambalo matokeo yake aliyatoa mwaka 1979. Watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza walipewa kazi ya kuiga maumbo kwa njia nne: kwa karatasi na kalamu, kwa waya, kwa udongo, na kwa mikono yao wenyewe. Kwa karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia ndio walioshinda. Kwa udongo na kwa mikono, walilingana. Sababu ni rahisi: mtoto wa Lusaka alikuwa amezoea kukunja waya akijitengenezea gari la kuchezea, na mtoto wa Uingereza alikuwa amezoea kalamu. Kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni kitu alichopewa mkononi.

Sisi wa Goma tunalielewa hilo haraka. Tazameni watoto wanaojitengenezea chukudu ndogo za mbao. Hakuna aliyewachorea. Wanapima kwa macho, wanakata, gurudumu linakaa sawa, wanateremka nayo. Mtoto huyo huyo akiulizwa darasani kwa Kifaraansa kuhusu duara, ananyamaza, na sisi tunaandika sifuri.

Kisha Serpell alikwenda vijijini, wilaya ya Katete, mashariki mwa Zambia, kwa Wachewa. Badala ya kuwapa watoto mtihani kwanza, aliwauliza watu wazima waliowajua watoto hao: kukiwa na shida ya haraka, ungemtuma nani kati ya hawa? Na kwa nini huyo?

Majibu yalimfundisha jambo. Wachewa wana neno "nzelu", maana yake akili au hekima. Ndani yake kuna vitu viwili. Cha kwanza ni wepesi wa kichwa. Cha pili wanakiita "kutumikila": kuwa mtoto anayeweza kutumwa, anayesikia, anayetegemewa. Masikio yetu yanalitambua neno hilo, kwa kuwa ni ndugu wa kutuma na kutumika. Kwao, mtoto mwepesi asiyetegemewa hana akili kamili.

Serpell aliwafuata watoto hao kwa miaka mingi, hata wakawa watu wazima, na mwaka 1993 akatoa kitabu juu ya maisha yao. Aliona kwamba hukumu ya kijiji na hukumu ya shule hazikwenda pamoja, hasa kwa wasichana. Msichana aliyesifiwa na watu wazima kwa akili yake hakuwa lazima ndiye aliyefika mbali shuleni. Shule ilikuwa ngazi nyembamba, wengi walishuka mapema. Na la kuumiza zaidi: wengi walioshuka waliamini kwamba kosa lilikuwa la kichwa chao.

Wamama, hapa tusikilizane vizuri. Sisemi kwamba shule haina maana, wala kwamba mtoto anayejua kutumwa hahitaji kusoma. Nasema kinyume chake. Tuangalie ni nani anayetumwa zaidi nyumbani kwetu. Ni yule msichana tunayemwamini. Asubuhi na mapema ameshika bidoni kwenda ziwani. Amerudi, amemfunga mdogo wake mgongoni. Ameenda kununua makala. Anafika darasani amechelewa, anasinzia, na mwisho wa mwaka bulletini ni mbaya. Tumemtuma kwa sababu ana akili, halafu tunamtoa masomoni tukisema hana akili. Uaminifu wake umegeuka adhabu.

Kuna shule iliyoona njia nyingine. Kule Mpika, kaskazini mwa Zambia, mwalimu Paul Mumba wa shule ya msingi ya Kabale aliingiza kazi ya kulea watoto ndani ya masomo. Wanafunzi walifuatilia kukua kwa watoto wadogo, na uzito wa watoto hao ukawa hesabu za darasani. Wavulana na wasichana walifanya pamoja, katika vikundi vidogo. Serpell aliichunguza kazi hiyo, na mwaka 2011 akaandika juu yake pamoja na Mumba mwenyewe. Kulea mtoto, ambako kwetu kunamwondoa msichana shuleni, kule kulikuwa somo, na mvulana pia alilisoma.

Fikra hiyo imefika pia kwa wenye kusema Kiswahili. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, mwanasaikolojia Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kinachofaa mazingira ya pale, badala ya kuazima cha Ulaya. Katika utafiti waliotoa mwaka 2008 walionyesha kwamba mtoto aliyedumaa au mwenye uzito mdogo huchelewa pia katika kutumia mwili na mikono yake. Yaani kabla ya kusema "kichwa", tuulize pia sahani.

Basi, tufanye nini sisi wa Himbi?

Kwanza, tuulize kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya Februari 2014 inaruhusu lugha zetu zitumike kufundishia katika miaka ya mwanzo, lakini shule nyingi za mji zinaanza na Kifaransa moja kwa moja. Jioni mwambie mtoto akueleze somo kwa lugha ya nyumbani. Akieleza vizuri, shida ni Kifaransa, si akili.

Pili, tumia kazi unazomtuma. Akirudi na chenji ya makala na sombe, mketishe, aandike hesabu hiyo kwenye daftari. Kichwani ameshaifanya. Sasa aione kwenye karatasi.

Tatu, gawa kazi. Mvulana naye abebe bidoni. Saa moja ya daftari kwa msichana isiguswe.

Nne, njoo umwone mwalimu kabla ya kuamua. Tueleze mtoto anajua nini nyumbani, nasi tukueleze kinachomshinda darasani: kusoma, Kifaransa, au siku alizokosa kwa sababu ya vita na kuhamahama. Kila moja lina dawa yake.

Kwenye mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aje na jibu la swali la Katete: nyumbani kwako, shida ikitokea usiku, unamtuma nani? Kisha mwangalie mtoto huyo, na uulize kama yumo shuleni.

Mwalimu wenu.