Madini adimu: Kabla ya kununua hisa, uliza asili ya mwamba

Tarehe 4 Aprili 2025 China ilitangaza kuwa elementi saba za madini adimu, zikiwemo disprosiamu na terbiamu, hazitasafirishwa nje bila kibali. Kwa madalali huo ulikuwa wimbo mpya. Kila kilima chenye madini hayo katika Afrika Mashariki sasa kinanadiwa kama dawa ya uhaba huo, na mwekezaji mdogo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Chukua mfano wa Ngualla, mkoani Songwe. Akiba yake iliyotangazwa ni tani milioni 18.5 zenye wastani wa asilimia 4.8 za oksidi za madini adimu. Ni mali nzuri. Lakini mwamba wake ni kabonatiti, uliotokana na uji wa moto wa chini sana ardhini, na madini yake makuu ni bastnasaiti. Miamba ya namna hii hujaza elementi nyepesi: seriamu na lanthanamu, ambazo bei yake ni ya chini, pamoja na neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku, ambazo hazikuwamo katika orodha ya Aprili. Anayetaka neodimiamu hajapotea njia. Anayesubiri shehena za disprosiamu kutoka huko atasubiri sana.

Wanajiolojia hawabahatishi katika hili. Huchora mstari wa kiasi cha kila elementi, kutoka nyepesi hadi nzito, na mstari huo huonyesha mwamba ulizaliwa wapi. Europiamu ndiyo shahidi mkuu. Uji wa moto unapopoa ndani ya gamba la dunia, fuwele za feldispa huinyakua na kuziacha ndugu zake, hivyo itale iliyobaki huwa na pengo mahali pa europiamu. Kabonatiti kwa kawaida haina pengo hilo. Thoriamu nayo husema: monazaiti ya itale mara nyingi huwa nayo nyingi kuliko ya kabonatiti, na thoriamu ni mionzi, yaani gharama ya kuhifadhi taka na vibali zaidi.

Makuutu, Uganda, ni habari nyingine. Huko madini yameshikwa na udongo wa mfinyanzi, kama kusini mwa China, na elementi nzito zina sehemu kubwa zaidi. Asilimia yake kwa tani ni ndogo, jambo linalowafanya wengi waipuuze bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Bila shaka kemia haisomi mikataba. Gakara, Burundi, ilikuwa na mishipa yenye zaidi ya asilimia 50 ya oksidi, lakini serikali ilisimamisha usafirishaji mwaka 2021. Mrima, Kwale, leseni ilifutwa mwaka 2013 na kesi ya kimataifa ikaamuliwa mwaka 2018 kwa ushindi wa Kenya.

Hata hivyo, taarifa inayotaja "jumla ya oksidi" peke yake irudishwe kwa dalali. Adai jedwali la kila elementi, jina la madini yanayoibeba na kiwango cha thoriamu. Vipimo hivyo kampuni huwa imekwisha vifanya, maana maabara hupima elementi moja moja kabla ya mtu yeyote kuzijumlisha.