Uliacha chuo na sasa unataka kuanza upya: Bodi ya Mikopo itakupa tena?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya studio kutoka Makete. "Shikamoo dada. Nilikuwa chuo mwaka wa kwanza, mkopo nilipata. Mwezi wa tano baba akaugua, nikarudi nyumbani kumuuguza. Sasa nataka kuomba chuo nianze upya. Bodi watanipa tena au ndiyo basi?"

Nilimpigia, tukaongea karibu nusu saa. Swali lake limeshanifikia kwa namna nyingi, mara kwa mama anayemuulizia binti yake, mara kwa kijana aliyedisko na anaona haya kusema. Hewani huwa nina dakika tatu tu za kulijibu, kwa hiyo nimeona niliandike.

Anaweza kupata, ila haombi kama mtu anayeomba mara ya kwanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mwongozo wa maombi kila mwaka. Katika miongozo ya miaka ya karibuni kuna kifungu ambacho wengi hukipita bila kukisoma: aliyewahi kupata mkopo kisha akaacha masomo, akitaka kuomba tena, sharti awe amesharejesha angalau asilimia 25 ya fedha alizopokea.

Robo ya fedha zipi? Hapo ndipo kijana wa Makete aliponyamaza kwenye simu. Yeye alikuwa anahesabu bumu peke yake, ile shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Lakini ada ambayo Bodi ililipa moja kwa moja chuoni nayo ni deni lake, ingawa hakuishika hata siku moja. Tuchukue mfano. Mtu amekaa chuoni siku 200, bumu lake ni shilingi 2,000,000. Ada iliyolipwa kwa ajili yake tuseme ni 1,000,000. Jumla ni milioni 3, na robo yake ni 750,000. Hiyo ndiyo fedha anayotakiwa kuiweka mezani kabla ya kuomba tena. Piga mwenyewe hesabu ni magunia mangapi ya viazi kwa bei ya shambani kwako, siyo bei ya Dar es Salaam.

Jambo moja la faraja kwa walioacha zamani: ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inalifanya deni linenepe hata ukiwa umelala, iliondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo usiogope kuuliza deni lako kwa kudhani limeshakuwa mlima. Uliza.

Lakini shida ya kijana huyu haikuanzia kwenye fedha. Ilianzia siku alipoondoka. Nilimuuliza, uliaga nani? Akasema alimwambia mlezi wa bweni na rafiki zake wawili, akapanda basi.

Kwa chuo na kwa Bodi, kuahirisha masomo ni jambo moja, kuacha ni jingine kabisa. Anayeahirisha anakwenda ofisi ya chuo na sababu yake mkononi, kwa mfano cheti cha hospitali, anaomba, chuo kinamjibu kwa barua. Jina lake linabaki kwenye orodha. Mkopo unasimama, na akirudi kwa wakati aliopewa, chuo kinaijulisha Bodi ili uendelee. Huyo haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Anayepanda basi kimyakimya, baada ya muda anahesabiwa kuwa ameacha, hata kama kosa lake pekee lilikuwa kumpenda baba yake.

Aliyedisko naye yuko upande wa walioacha, kwa sababu akirudi anaomba nafasi mpya. Na yule aliyebaki chuoni ila amefeli na kutakiwa kurudia mwaka? Sharti la Bodi kwa wanafunzi wanaoendelea ni kwamba wawe wamefaulu mitihani ya kuwavusha mwaka unaofuata. Mwaka wa kurudia, basi, mzazi ajiandae mwenyewe.

Wengi wakishasikia habari ya robo hufanya uamuzi unaoonekana wa busara: nikae nyumbani misimu miwili mitatu, nilime, nikusanye, nilipe, ndipo niombe. Tatizo ni kwamba mwongozo huohuo una masharti mengine yanayohesabu miaka. Mwombaji wa shahada ya kwanza asiwe amezidi umri wa miaka 35. Tena awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita miaka minne iliyopita. Akisubiri misimu mitatu ya viazi, fedha atakuwa nayo, lakini miaka mitano itakuwa imempita, na kwa sifa ile ya kidato cha sita hatakuwa na pa kuombea.

Yaani sharti la fedha linamwambia asubiri, na sharti la miaka linamwambia awahi. Kwa mtoto wa mfanyakazi mwenye mshahara si tatizo kubwa, baba atakopa benki wiki hiyohiyo. Kwa mtoto wa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, masharti hayo mawili yanamkaba pamoja.

Naielewa hoja ya Bodi. Fedha hizi huzunguka. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake ili wadogo zake wapate, na hakuna haki kumpa mtu mkopo wa pili wakati wa kwanza hajaugusa. Ila kifungu hiki kinauliza umelipa kiasi gani, hakiulizi uliondoka kwa nini. Aliyeacha kwa starehe na aliyeacha kumuuguza mzazi wanasimama mstari mmoja. Kwa maoni yangu, mwenye vyeti vya hospitali angeruhusiwa kuirejesha robo hiyo kwa awamu huku akiwa darasani, na sidhani kama mfuko ungekauka. Wabunge wetu wakija studioni nitawauliza.

Kwa sasa fuata utaratibu uliopo. Anza kwa kuomba Bodi ikupe taarifa ya deni lako. Kwa sisi wa huku Nyanda za Juu ofisi ya kanda iko Mbeya. Malipo hufanywa kwa kontroo namba, na unaweza kulipia kwa simu. Mtu akikuambia umtumie fedha kwenye namba yake binafsi ili "akusafishie jina", huyo ni tapeli, hata kama anajua jina la chuo chako. Tunza risiti. Kisha ukishaomba nafasi ya chuo, jaza maombi ya mkopo kwenye mfumo wa Bodi wa mtandaoni, OLAMS, dirisha likifunguliwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, usingoje wiki ya mwisho, na fomu ipate sahihi ya kiongozi wa serikali ya kijiji. Kama mzazi amefariki tangu ulipoomba mara ya kwanza, ambatanisha cheti cha kifo, maana hali yako ya sasa siyo ile ya wakati ule.

Kabla ya yote hayo, nilimshauri kijana wa Makete arudi kwanza kwenye chuo cha zamani, aingie dawati la mikopo na ofisi ya usajili, aulize faili lake linasemaje. Pengine mlezi wa bweni aliandika chochote. Nauli ni kubwa, alisema, lakini ameshapata lifti ya lori la viazi hadi Mbeya. Anaondoka Jumatatu, na vyeti vya hospitali vya baba yake amevifunga kwenye mfuko wa nailoni visilowe.